Mtani Aliyeshindwa na Mfuniko

Kaka Pazi, shikamoo.

Malaria imenikuta tena huku Tabora, lakini nimeshapona na hamu ya kula imerudi kwa fujo. Tabibu aliyenitibu hapa mtaa wa Ng'ambo ni Mnyamwezi. Aliposikia mimi Mzaramo, akaipora chupa ya asali ya Sikonge niliyokununulia.

"Babu zangu walibeba pembe kwa miguu hadi kwenu pwani, mkawapokea kwa mbu! Hii fidia yao."

Mnyamwezi ni mtani wetu, nikamwachia. Akahangaika na mfuniko mpaka jasho likamtoka. Vidole vimemvimba kama vyako! Nikamfungulia, nikamuuliza nani kamroga. Akacheka hadi wagonjwa wakachungulia.

"Kila mtu hurithi walinzi wa mwili wake," akasema. "Walinzi wako ni wapole, malaria ikibisha hodi wanaikaribisha. Wangu wakali, wakikosa mwizi wanampiga mwenye nyumba. Ndiyo baridi yabisi hii."

Nikamwambia huo ni utani tu, mbona kaka yangu ni Mzaramo na vidole vimemvimba vilevile?

"Wapi! Hata tumbo moja hugawa walinzi tofauti. Tena urithi huongeza hatari tu, si hukumu. Kaka yako aende hospitali, dawa za kuwatuliza zipo."

Asali aliyonibakizia ninakuja nayo, ila si yako. Ni ya Bi Zuhura jirani, uliyemnunia mwaka mzima ukidai kakuroga vidole. Utampelekea mwenyewe. Mfuniko ukikushinda, mwombe yeye akufungulie.

Nakupenda pamoja na ukaidi wako,
Mdogo wako Tatu