Mteja Niliyemtunga Anataka Kumwachisha Mume Wangu Ufundi

Mshauri wangu, nakuandikia nikiwa nimejificha stoo ya vitambaa, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, na tafadhali usilitaje duka letu hata ukilitambua, maana kulilinda hilo jina ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni mke wa fundi makochi. Mume wangu anatengeneza, mimi nauza, yaani napiga picha, naposti kwenye ukurasa wetu, najibu komenti, napokea oda. Karakana iko nyuma, mbele kuna chumba cha kuonyeshea makochi, katikati kuna pazia, na mimi kutwa nimekaa pembeni ya hilo pazia na simu yangu kwenye chaja.

Balaa lilianza na sifa. Ukurasa wetu ulijaa sifa tupu, hongera fundi, kazi safi, moyo mwekundu, moyo mwekundu, na mimi nikatulia nikijua mambo yetu ni mazuri, mpaka nilipoenda kwenye semina ya wafanyabiashara na bwana mmoja mwenye tai akatuambia kwamba ukurasa wenye sifa tupu watu hawauamini, wanajua mmejisifu wenyewe (na kusema kweli baadhi aliandika wifi yangu), na kwamba jina la biashara linajengwa pale mteja anapolalamika hadharani ukamjibu kwa upole watu wote wakiona. Nikarudi dukani nikamsubiri mlalamikaji. Hakuja. Mume wangu anafanya kazi nzuri, ndiyo shida yake. Basi nikaona nitamsubiri mtu mpaka lini, nikafungua akaunti nyingine, nikaiita Bi Mkweli, nikaweka picha ya ndala, nikaandika, "Nimenunua kochi kwenu, kwa macho ni zuri, ila nikilikalia linalia." Nikatoka huko nikaingia kwenye akaunti ya duka, nikajijibu, "Pole sana dada yetu, tunakuomba radhi, tatizo hilo tumelibaini na tunalifanyia kazi."

Watu walitupenda, mshauri, hadi nikaogopa. Walisema hawajaona duka lenye utu namna hii, oda zikamiminika, na mimi nikampa Bi Mkweli nafasi nyingine, akasema kochi linamwamshia mtoto, nikamwomba radhi yeye na mtoto wake, wakatupenda zaidi.

Kumbe mume wangu anasoma. Siku ya kwanza alicheka, akasema, "Kochi langu halilii. Huyo amekalia paka." Halafu akaniuliza, "Sasa hili tatizo mlilolibaini ni lipi?" Nikamwambia hiyo ni lugha ya biashara tu, usijali. Akarudi nyuma ya pazia. Kesho yake nikamkuta amelala kifudifudi juu ya kochi la mteja, sikio kwenye sponji, ananionyesha kwa kidole ninyamaze.

Na hapo wateja wa kweli nao wakaanza kusikia. Mzee mmoja mstaafu alituma sauti aliyoirekodi, ukiisikiliza vizuri ni mlango. Mwingine akasema la kwake halilii akikaa, linalia akiondoka. Dada mmoja alilalamika kwamba la kwake halitoi sauti yoyote na anataka kujua kwa nini yeye amebaguliwa. Mume wangu akayarudisha yote kwa gari la kukodi, akayavua vitambaa, akabadilisha springi, akang'oa misumari akaweka skrubu, akapaka mbao mafuta hadi mama mmoja akaondoka na doa nyuma ya gauni. Karakana sasa hivi imejaa mifupa mitupu. Redio amepiga marufuku, ufagio amepiga marufuku, mafundi wenzake wanaongea kwa ishara, na mteja akiingia tunamwomba avue viatu.

Ndugu zake nao hawakukaa nyuma. Mamamkwe anasema Bi Mkweli anamfahamu, walikaa benchi moja kliniki, ni mwanamke mfupi ana dharau, hata salamu hakuitikia. Wifi kila siku anamporomoshea matusi kwenye komenti, na mimi kwa akaunti ya duka inabidi nimtetee mteja wetu, na kwa akaunti ya Bi Mkweli inabidi nimrudishie wifi matusi yake, halafu tunakaa meza moja tunakula, ananisimulia alivyomkomesha.

Ningeweza kuacha, mshauri. Nakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Mume wangu alimwandikia Bi Mkweli inboksi, kwa adabu, ujumbe mrefu, "Dada yangu, naomba unisaidie kuelewa, linalia upande wa kushoto au wa kulia?" Nikamjibu kushoto. Akanishukuru. Tukaendelea. Mimi mkewe nikimwambia mguu wa kochi umepinda, ananijibu, "Wewe komaa na simu yako." Bi Mkweli akimwambia umepinda, anachukua rula. Ile rangi ya udongo nimemwambia tangu tufungue duka kwamba inazeesha chumba, hakunisikia, Bi Mkweli kasema mara moja tu, imeondolewa dukani. Basi nikanogewa. Nilikuwa nakaa upande huu wa pazia namwandikia, yeye upande ule anasoma, namsikia anasema, "Huyu mama ana akili sana."

Sasa juzi nikaona yamezidi, Bi Mkweli akamwandikia kwamba kochi limepona. Mume wangu akamjibu, "Kochi haliponi lenyewe, dada. Unanihurumia." Baada ya hapo akaichukua simu ya duka mwenyewe, kitu ambacho hajawahi kufanya, akaingia laivu, kamera imemkaa kwenye kidevu, akawatangazia wafuasi wetu wote kwamba Jumamosi mchana anakwenda nyumbani kwa Bi Mkweli na vifaa vyake, Bi Mkweli amwelekeze tu nyumba, wote wataona, na akishindwa kukipata hicho kilio ataacha ufundi, atauza vifaa, atakwenda kwa kaka yake kuuza mitungi ya gesi. Akasema hawezi kuwatengenezea watu makochi wakati masikio yake yamekufa. Jana alipangusa cherehani lake akalifunika shuka. Hajaligusa tena. Mwanaume huyu nimeolewa naye akiwa na sindano mdomoni, sijui ataishi vipi bila hiyo kazi, na namwona anakula kama mtu aliyefiwa.

Nimefikiria njia mbili. Ya kwanza ni kumuua Bi Mkweli. Tangazo la msiba nimeshaliandika, ni zuri, nililia nikiliandika. Ya pili ni kukodi chumba, niweke kochi letu mle, na rafiki yangu mmoja mshonaji yuko tayari kuwa Bi Mkweli, ameniuliza tu kochi linatakiwa lilie sauti gani ili afanye mazoezi. Niambie ipi ni salama. Hata kazi za duka zimenishinda, kuna mwalimu mmoja amekuwa akiuliza kwenye komenti habari za mto wake uliofumuka mshono, sijapata hata nafasi ya kumjibu kwa ajili ya huyu Bi Mkweli.

Nisaidie.
Mke wa Fundi

MSHAURI ANAJIBU

Mke wa Fundi, barua yako niliisoma nikacheka, nikampelekea mhariri naye akacheka, tukafika pale kwenye cherehani lililofunikwa shuka, tukaacha kucheka.

Hakuna kuua mtu. Ukimtangaza Bi Mkweli kuwa marehemu, mumeo nimeshamjua, atakwenda msibani na nyundo aombe kuliona kochi la marehemu. Mamamkwe wako atawasimulia waombolezaji mambo ya kliniki. Wifi yako atasema ni yeye aliyemuua kwa maneno, na atajisifu. Futa hilo tangazo hata kama lina machozi yako.

Na chumba usikodi. Umefikiri kweli? Unataka kumwingiza mumeo kwenye chumba cha uongo, mbele ya wafuasi wenu wote, alipasue kochi zima akitafuta sauti ambayo haimo. Hataipata, kwa sababu haipo. Na ameshaapa akiikosa anaacha kazi. Rafiki yako huyo akijifunza kulia vizuri ndiyo kabisa, kwa sababu mumeo atajua kilio kinatoka kwa mtu, hajafa masikio hata kidogo. Huyo rafiki mshukuru, mwambie arudi kwenye ushonaji wake.

Sasa nikuseme. Wewe unadhani kosa lako ni kumtunga mteja. Ni kosa, sikufichi, unawadanganya watu wanaotoa hela zao kwa kuwaamini. Lakini kilichomvunja mumeo ni yale maneno yako matamu, tatizo tumelibaini. Yeye alikuwa na uhakika na kazi yake, alisema wazi kochi lake halilii, na duka lake mwenyewe likasimama mbele ya watu likasema linalia. Akakuuliza tatizo lipi. Alikuuliza wewe, ana kwa ana, ukamwambia lugha ya biashara. Pale ndipo ungeyamaliza yote, tena mngecheka wote wawili.

Yule bwana mwenye tai hakukosea, mama. Alisema mteja akilalamika umjibu kwa upole. Hakusema umzae. Na kuomba radhi kwa kosa ambalo halikutendeka ni uongo sawa na kukana lililotendeka, ila huu wako umefungwa riboni. Tena umemwomba radhi mtoto asiyekuwepo kwa usingizi asiolala, na huku mwalimu wa watu, mwenye mto wa kweli na mshono wa kweli, amekaa kwenye komenti anabisha hodi hakuna anayeitikia. Mlalamikaji uliyekuwa unamsubiri ni huyo. Alikuja, ukampita ukienda kumtafuta Bi Mkweli. Ukimaliza kusoma hapa mwandikie, mwombe msamaha kwa kumchelewesha, na huo mto ukachukuliwe leo leo.

Kuhusu mume asiyekusikiliza, hapo nimekuelewa, na nakupa pole ya kweli. Inauma kuona neno lako linathaminiwa likitoka kwa mtu ambaye hayupo. Mumeo naye ana la kujibu, na ikiwa gazeti hili limefika karakana, fundi, mkeo ana jicho, mguu wa kochi akisema umepinda chukua rula. Lakini wewe usijidanganye kwamba Bi Mkweli amekupatia sikio la mumeo. Anayesikilizwa ni yeye. Wewe bado uko upande ule ule wa pazia. Kama unataka akusikie wewe, itabidi useme wewe, kwa mdomo wako, na uvumilie atakavyonuna.

Fanya hivi. Mwambie leo, usingoje Ijumaa ukaanza kutetemeka. Usimwandikie inboksi, wala usimtume wifi, wifi mtamweleza baadaye na umwombe radhi kwa yale matusi uliyomrudishia. Jumamosi ile saa aliyoahidi ingieni laivu, lakini iwe karakanani kwenu, na anayeongea uwe wewe, uso wako uonekane, picha ya ndala basi. Sema Bi Mkweli ni mimi, makochi ya mume wangu hayakulia, niliwaomba radhi ya uongo na sasa nawaomba ya kweli. Ukishasema nyamaza. Usilie sana, wataona unajitetea. Wafuasi wengine wataondoka na watawatukana, na hamtakuwa na la kufanya zaidi ya kuwaacha waseme. Yale makochi yaliyovuliwa yarudishwe kwa wenyewe yakiwa mazima, kwa gharama zenu, pamoja na la yule dada aliyebaguliwa. Mamamkwe mwache na mwanamke wake wa kliniki, huyo huwezi kumtoa tena.

Na baada ya hapo ukurasa wenu uendeshe kwa vitu vilivyopo. Mwonyeshe fundi akikata mbao, akishona, akikosea na kufumua. Mteja akilalamika, nenda nyuma ya pazia ukamuulize fundi kwanza kama ni kweli, ndipo ujibu. Mkikosa mlalamikaji mwezi mzima, shukuruni, fungeni duka mapema mkapumzike.

Lakini hayo yote ni ya baadaye. Leo una mtu mmoja tu wa kuongea naye, na najua utaanza na samahani, kisha semina, kisha yule bwana mwenye tai, na yeye atakuwa amekaa pale anasikiliza hadithi yako huku bado anaamini ana ubovu. Samahani itangoja. Semina itangoja. Mshike mkono, na neno lako la kwanza liwe hili, mume wangu, ulikuwa unasikia sawasawa.