Soseji za Nywele

Nyumbani, Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama wodini na sindano mkononi, na miguu iwe imepungua kuvimba tangu walipokubadilishia zamu. Unakula lakini? Baba anasema manesi mnawasimamia wagonjwa mpaka wamalize sahani, halafu nyinyi wenyewe mnashinda na chai tupu. Nijibu ukweli. Sisi huku wazima. Baba mzima, na mdogo wangu mzima isipokuwa jino la mbele, ambalo limeng'oka lenyewe na sasa analibeba mfukoni kila aendako kama kitambulisho. Mimi pia ni mzima. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, na nina jambo la kukuambia. Acha nianze na furaha.

Ulishasikia kwamba tumeshika nafasi ya pili kwenye yale mashindano ya shule, ya vijana kubuni njia za kulinda mazingira. Lakini ulisikia juu juu. Mwalimu wa sayansi alipoyatangaza, alisema kila kikundi kiwe na watu wawili, na kila kikundi kitafute tatizo linaloonekana kutoka mlangoni kwao, si la kusoma kwenye gazeti. Basi jioni ile nikasimama kwenye mlango wa kibanda cha baba nikaangalia nje. Mbele yangu kulikuwa na mtaro, na ng'ambo ya mtaro gereji ya Bwana Spana. Tangu uondoke hali imekuwa mbaya zaidi. Kila wakimwaga oili chafu ya injini, nyingine inadondoka chini, mvua inaisomba, na mtaro unaipeleka hadi kwenye matuta ya mboga nyuma ya shule. Maji yake yana ngozi inayong'aa rangi zote. Ukiyatazama ni mazuri, ila mboga zimekauka safu nzima. Nikageuka kutazama ndani, na baba alikuwa anafagia nywele.

Nilishasoma kwenye kitabu cha maktaba kwamba nywele hushika mafuta, ndiyo maana tunaziosha. Nikajiuliza, kama kichwa kimoja kinashika mafuta wiki nzima, gunia zima la nywele litashika kiasi gani?

Mwenzangu alikuwa Redio, yule ninayekaa naye dawati moja, ambaye siku ile alipokuja nyumbani ulimwomba apumue kidogo kati ya sentensi na sentensi. Tulipatana kwamba mimi nitafikiri na yeye atasema. Hilo ndilo lilikuwa sharti langu. Unanijua, mama, hata kwenda dukani naanza kwanza kujizoeza salamu njiani.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Tulishindilia nywele ndani ya zile soksi zako ndefu za nailoni zilizotoboka, tukazifunga vifundo huku na huku. (Nzima sikuzigusa, isipokuwa jozi moja, nisamehe.) Nywele za baba hazikutosha, kwa hiyo msusi wa kibanda cha jirani akatupa magunia mawili kwa moyo mkunjufu, tukachanganya zote. Tukalaza mzigo wetu mtaroni mbele ya gereji nzima. Oili ikaja, ikauzunguka, ikaenda zake. Bwana Spana aliinama, akauchokoa kwa bisibisi, akasema anasikitika kumwarifu binti wa kinyozi kwamba soseji yake haina njaa. Mafundi wake walicheka mpaka mmoja akajisukuma chini ya gari ili nisimwone. Mimi nikaingia ndani nikakaa nyuma ya pazia.

Baba alinifuata. Hakunipa pole. Alichota nywele kidogo kutoka gunia moja, akazisugua kati ya vidole, akaniuliza tangu lini binadamu wameanza kuota plastiki. Mama, mimi, niliyezaliwa na kukulia ndani ya nywele, sikuwa nimejua. Magunia ya msusi yalikuwa yamejaa nywele za dukani, zile za kusukia, wateja walizofumua. Ili nisisahau tena, baba akawasha kiberiti. Za kichwani zikajikunja zikawa jivu na kunuka vile unavyojua. Za dukani zikayeyuka zikawa tone jeusi. Mteja aliyekuwa kitini, amenyolewa ndevu upande mmoja, akadhani kibanda kinaungua akakimbia na kitambaa shingoni, ikabidi mdogo wangu atumwe kumbembeleza arudi.

Siku nne tulichambua nywele, mimi, Redio na msusi mwenyewe, ambaye aliona haya kuliko sisi, na tangu hapo ameweka ndoo mbili. Soseji mpya ikaingia mtaroni asubuhi. Kufika alasiri imekuwa nzito, nyeusi tii, na maji yaliyopita upande wa pili hayakuwa na ngozi. Bwana Spana akainyanyua, akaipimapima mkononi kama mtu anayenunua samaki. Kisha akaikamua juu ya dumu lao la oili chafu, ikachuruzika. Akawaita vijana wake waje waone. Aliniambia sasa imeanza kula, tena ina adabu, haiachi mabaki.

Halafu zikaja kanuni za mashindano, zimebaki siku tano. Kila mwanakikundi ni lazima azungumze, na azungumze kwa Kiingereza, na Kiingereza kina alama zake. Sharti langu likafa hapo hapo. Na wewe ulipopata habari ukasema maneno ambayo nimetembea nayo tangu siku ile, kwamba washindi wa kwanza wanakwenda fainali, fainali ziko mji ulipo wewe, na kwamba utaomba ruhusa hata ya saa mbili uje ukae mbele unisikie. Ulisema miaka yote ile ya kunifundisha Kiingereza mezani ukipiga pasi, shati hili linaitwaje, kola hii inaitwaje, ulikuwa unangoja siku ya kunisikia nikisimama mbele za watu. Nilitaka siku hiyo pia. Nataka ujue nilivyoitaka.

Nikakariri. Mwalimu alisahihisha maneno yetu, na mwishoni akaongeza sentensi yake, kwamba jamii yenyewe itausimamia na kuuendeleza mradi huu. Kwa Kiingereza ni sentensi nzuri mno, inateleza yenyewe mdomoni. Niliyahutubia magunia ya nywele kila jioni mpaka nikaweza kuisema huku nafagia.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Redio alianza, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alimaliza kabla ya muda. Nikasimama. Sauti ilitoka, mama, na ilikuwa yangu. Nikaeleza mtaro, nikaeleza nywele, hata kosa la plastiki nikalieleza, na watu wakacheka mahali nilipotaka wacheke. Sikujua kumbe ni raha namna ile.

Ndipo jaji mmoja, mwanamke aliyepandisha miwani kwenye paji la uso, akauliza swali la mwisho. Nyinyi mtakapokuwa kwenye mitihani, nani atabadilisha hizi soseji kila wiki?

Nikafungua mdomo. Kisha nikageuka kuelekea safu ya nyuma kabisa, alikokaa baba na koti lake la pekee, na Bwana Spana na mafundi wake wawili waliosugua mikono mpaka viwikoni. Nikamuuliza Bwana Spana kwa Kiswahili ni nani atazibadilisha.

Alisimama taratibu, akauliza kwanza kama anaruhusiwa kusema. Halafu akasema kwa kweli yeye alidhani mambo yakiisha nitakuja kuchukua soksi zangu. Ila kama zinabaki, basi watabadilisha Jumamosi wanapofagia gereji. Fundi mmoja akamkumbusha kwamba Jumamosi yeye mwenyewe, bosi, huwa haonekani mpaka saa sita, kwa hiyo iwe Ijumaa. Bwana Spana akamwambia aketi, haya si mambo ya kuanikwa ukumbini. Baba naye akainuka bila kuulizwa, akasema upande wa nywele wasiwe na shaka, vichwa havijaacha kuota. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, kengele ikalia, na wao watatu, fundi hajaketi, bado wamesimama wanapatana Ijumaa saa ngapi.

Tulikatwa alama kumi za lugha. Tulishindwa kwa alama sita. Wa kwanza walikuwa wavulana wawili wa shule ya ng'ambo ya reli, walitengeneza kichujio cha maji machafu ya jikoni, na ni kizuri, nimekiangalia kwa karibu.

Jioni ile ulipopiga simu, baba aliiweka sauti ya juu kama kawaida yake, kila mtu kibandani asikie, anayenyolewa na wanaongoja zamu. Mwalimu alikuwepo, akakueleza kwamba nilikuwa nafanya vizuri sana mpaka swali la mwisho liliponitia woga, Kiingereza chote kikaniruka. Ukaniambia pole mwanangu, woga hupungua, hata wewe sindano ya kwanza mkono ulitetemeka. Sauti yako ilikuwa laini. Na benchi zima la wateja likasema pole. Nikasema asante.

Mama, sikushikwa na woga.

Kiingereza hakikuniruka hata neno. Ile sentensi ya mwalimu ilikuwa imefika kwenye ncha ya ulimi, nzima, na herufi zake zote. Nilipofungua mdomo kuisema nikawaona wale watu kule nyuma, wamekaa wima kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina, hawajaelewa kitu tangu tuanze. Nikang'amua kwamba hiyo jamii inayotajwa ni wao, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Si mwalimu, si Redio, si mimi. Nilijua nikigeuza lugha alama zitakwenda. Nilijua na fainali zitakwenda, na kiti chako cha mbele kitakwenda. Nilifikiria yote, haraka lakini yote, halafu nikageuka. Nilichagua, mama. Nilipokuacha unipe pole kwenye simu nilikuwa naona aibu kukwambia kwamba nilikuwa na siku yako mkononi na nikaiachia kwa kupenda.

Ningeweza kunyamaza moja kwa moja, maana hakuna anayeshangaa mimi kuwa mwoga. Lakini mwalimu, kwa huruma yake, aliandika rufaa. Ilisema mwanafunzi ni mtu wa haya nyingi, alipatwa na hofu kubwa, kwa hiyo arudishiwe alama. Majaji walikuwa tayari kuipokea. Ilihitaji saini yangu tu, nasi tungekuwa wa kwanza.

Nilianza kwa kumwambia Redio, kwa sababu nafasi ile ilikuwa yake pia. Alisema alijua tangu pale jukwaani. Mtu mwoga hupepesa macho, na mimi nilikuwa nimekodoa kama paka aliyeona mlango wa jiko uko wazi. Alisema fainali alizitaka sana na atanuna mpaka Jumatano, lakini nikitia saini hatanisemesha kabisa, na nifikirie mwenyewe hasara hiyo ni ya nani.

Ijumaa nikaenda chumba cha walimu na karatasi haina saini. Nilimwambia mwalimu sikuogopa, niliamua. Hakuniamini. Alisema, kwa upole, kwamba mtu akiaibika hujitengenezea sababu. Basi nikasimama pale kati ya meza, walimu wote wapo, nikaisema ile sentensi. Nikaona haitoshi, nikarudi mwanzo nikasema hotuba yote kwa Kiingereza, kutoka salamu ya majaji hadi jamii kusimamia, bila karatasi. Mwalimu wa hisabati aliacha kusahihisha. Mwalimu wetu alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akasema sasa amebaki na nafasi ya pili na mwanafunzi ambaye hana kisingizio. Akaichana rufaa mara mbili. Hakufurahi, sitakudanganya. Lakini nilipofika mlangoni akauliza mafundi wanabadilisha saa ngapi, aje aone.

Wanabadilisha saa kumi. Jana nilipita kwenye matuta, maji yalikuwa maji tu, na Bwana Spana ameomba soksi zaidi. Kama manesi wenzako wana zilizotoboka, mkusanye.

Nimeumia kwa ajili ya kiti chako cha mbele. Hilo halijapoa. Nikijiuliza kama ningerudi jukwaani ningefanya nini, kila mara nageuka tena. Kwa hiyo siombi msamaha wa kugeuka, naomba wa kukuacha unipe pole isiyo yangu. Na naomba unijibu jambo moja. Kama ungekuwa umekaa kule nyuma na baba, mikono imesuguliwa hivyo, ungetaka nimjibu jaji, au nikuulize wewe kwanza?

Baba anakusalimu na anasema usinywe chai kwenye tumbo tupu. Mdogo wangu anakusalimu, yeye na jino lake. Redio anakusalimu pia, akinuna. Wasalimie manesi wenzako, na mgonjwa yule mzee wa kitanda cha dirishani kama bado mko naye.

Ni mimi binti yako wa kwanza, nikupendaye na nisiyekuficha tena.