Ndoo za Kwa Mdachi

Jumatatu, 4 Agosti

Tumeshuka duarani, shimo letu la dhahabu, saa moja kama kawaida. Mimi mbele na nyundo na moko ya kutobolea mwamba, Masanja nyuma anajaza viroba. Mwamba unaelekea mashariki, umenenepa, mweupe wenye mistari ya kutu. Bosco msimamizi amefurahi. Mimi mgongo unauma. Miezi saba tangu nitoke kwetu Samuye, Shinyanga. Nyumba inavuja, nimemwahidi mke wangu bati kabla ya mvua.

Kitu kimoja. Nikipumzisha nyundo nasikia tok. Kimya. Halafu tok. Masanja anasema masikio yangu yamezeeka kabla yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Mama Kulwa, ninayepanga kwake, anaanika dagaa wa Nkome juu ya jiwe lililochongwa herufi. Niliishia darasa la sita. Herufi zote nazijua, ila hazinipi neno. Anasema ni Kidachi, yaani Kijerumani. Ndiyo maana kijiji kinaitwa Kwa Mdachi. Wadachi walichimba shimo hapa wakitafuta dhahabu, babu yake akiwabebea mawe kwa kikapu. Alitolewa mbali, kama mimi. Vita vikaja, Wadachi wakaondoka, shimo likajaa maji. Wabebaji hawakuwa na pa kwenda. Wakakaa penye maji, wakaoa. Ndicho kijiji chote.

Shimo hilo ndilo kisima mpaka leo. Hakuna kingine. Alfajiri wanawake wanapanga ndoo, kila mmoja na nafasi yake na ugomvi wake. Mgeni hashiki kamba, huchotewa. Miezi saba Mama Kulwa ananichotea. Naona aibu, mwanamume mzima. Yeye anacheka. Ana mapacha, Kulwa na Doto, wote wameolewa mbali. Kwetu Wasukuma anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Shija, na Shija ndilo jina langu. Anasema nilichelewa tu kufika.

Ijumaa, 8 Agosti

Leo nimeijua ile tok. Ni ndoo. Inagonga ukuta wa kisima ikishuka. Saa tano, wanawake wakienda kupika, inanyamaza. Saa kumi inaanza tena. Na kila siku iko karibu zaidi.

Tunachimba kuelekea kisimani. Tukitoboa, maji yatatumaliza sisi kwanza, kisha kijiji kibaki bila kisima.

Nimemwambia Bosco mbele ya wenzangu. Akasema, "Wewe mtu wa Samuye, umekuja kutafuta dhahabu au maji?" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Najichukia kwa kicheko kile.

Jumamosi, 9 Agosti

Usingizi mbovu. Naota lambo la nyumbani mwaka ule lilipokauka. Ng'ombe wamesimama kwenye tope lililopasuka, wanalamba.

Lakini mwamba ni mzuri. Viroba vyangu vimefika kumi na viwili. Vikisagwa nina bati, labda na misumari yake. Nataka bati. Nataka na kisima kibaki. Nimezunguka kijiji mara tatu leo bila sababu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilimwomba Mama Kulwa saa saba mchana, kisimani hakuna mtu, agonge ndoo ukutani mara tatu, anyamaze, kisha mara mbili. Akasema, "Nigonge ndoo kama mwehu? Watasema mpangaji wangu kaniroga." Lakini akaenda.

Nikamwita Bosco ashuke asikie mwenyewe. Tatu. Kimya. Mbili. Kama mtu anayepiga hodi. Bosco akaweka kiganja kwenye mwamba. Kikatoka kimelowa. Akapanda juu.

Jioni kampigia mwenye duara. Jibu: chimbeni, wanakijiji watapata maji mtoni. Mto wenyewe ni mwendo wa saa mbili, na Agosti hii ni mchanga mtupu. Kesho tushuke mapema. Masanja kasema atashuka. Ana watoto watano. Mimi nimesema sishuki.

Mama Kulwa aliuliza ile ndoo ilikuwa ya nini. Nikamwambia yote. Sijamaliza, keshajifunga kanga yuko njiani.

Jumanne, 12 Agosti

Tulifika kwenye duara saa kumi na mbili, na mimi nisiyeshuka nikiwafuata. Ndoo. Zimezunguka mdomo wa duara lote, nyekundu, bluu, na zile zilizokuja na rangi ya nyumba, na wanawake wamekaa nyuma yake wamenyoosha miguu.

Bosco akasema, "Shikamooni mama zangu. Kisima kiko kule."

"Marahaba mwanangu," akajibu Mama Kulwa. "Tunajua. Ila tumesikia maji mnayaleta huku. Tumewahi foleni."

Masanja aliangua kicheko, akashindwa kukizuia, mpaka akakaa chini. Bosco akapiga simu. Akapiga tena. Hakuna mwanamke aliyenyanyuka. Walichambua mchicha palepale. Saa nne alikuja mwenyekiti wa kijiji. Saa tisa ndoo bado zipo.

Niliogopa siku nzima. Kila mtu wa duara alinitazama mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Duara limefungwa. Mwenyekiti kaandika barua ya kusimamisha kazi, mwenye duara kakubali kwa matusi. Tumeshinda tukirudisha kifusi, kiroba kwa kiroba, tulichokitoa kwa jasho. Viroba vyangu kumi na viwili vimezuiwa kwa sababu nilitoa siri. Mwenzetu mmoja katema mate mbele ya miguu yangu. Masanja hasemi na mimi. Jioni alikuja, akaweka moko yangu mlangoni, akaondoka.

Nina hasira. Sijui na nani.

Nimempigia mke wangu. Nimemwambia bati hakuna, na kwa nini. Akauliza hayo maji ni matamu au ya chumvi.

Nikasema matamu.

Jumapili, 17 Agosti

Watu wametoka kanisani. Nimefunga mzigo. Kesho kuna lori la kwenda Shinyanga.

Nilikwenda kisimani na dumu, nikasimama pembeni kama siku zote. Mama Kulwa alikuwa wa tatu kwenye foleni. Zamu yake ilipofika hakuchota. Alininyooshea kamba. Wanawake wengine wakatazama pembeni, kama hawakuona kitu.

Nikashusha ndoo. Ni ndefu kuliko nilivyodhani, kamba ile. Katikati ikagonga ukuta. Tok.

Nikasubiri kidogo, kwa mazoea. Kule chini hakuna tena mtu wa kuisikia.

Nikavuta.