Nusu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jonathan, mchapishaji wangu, kapiga simu. Kitabu kinaingia mtamboni Alhamisi. Riwaya ya Mzee Haripada, Mbengali aliyeandika maisha yake yote juu ya kijiji kimoja cha mpunga — sasa itasomwa kwa Kiswahili, na mfasiri ni mimi. Ningefurahi. Ila kuna mahali sipaamini.

Ni ukurasa wa mwisho. Yatima anamwita shangazi aliyemlea kwa "nusu ya jina" tu, na shangazi anaangua kilio. Nimeandika "Shanga—". Sasa analia nini? Jonathan kasema niache woga, mzee wa watu ndivyo anavyoandika.

Jumanne, 4 Machi

Nimeunguza sato jikoni nikiwaza neno hilo. Shanga, shanga.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Natoka misa Nyegezi, majivu bado usoni, simu ya video — Mitali, binti wa mzee. Baba kalazwa, hali si nzuri. Kesho anataka nimsomee ukurasa wa mwisho. Hajui Kiswahili, anataka tu kusikia mtoto anavyoita. Halafu akauliza: kwenu dada wa mama anaitwaje?

Mama mdogo, nikasema. Au mama mkubwa.

Akamweleza baba yake. Nikasikia mzee anacheka, anakohoa. Baba amefurahi, akasema Mitali. Hata kwetu neno hilo linaanza na mama, ndiyo maana mtoto analikatiza hapo.

Mungu wangu. Dada wa mama! Tafsiri ya Kiingereza niliyofasiria ina neno moja kwa dada wa baba na dada wa mama, na mimi nimelelewa na shangazi Teodora kule Muleba. Kichwani sina mwingine. Kumbe mtoto anamwita Mama. Kitabu kizima kinaelekea hapo, mimi nimeweka shanga za kiunoni.

Sikumwambia Mitali. Nimeogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Jonathan hapokei. Nimekwenda Igogo mwenyewe, kiwanda cha uchapaji. Fundi Antoni kaanza kuchapa tangu asubuhi. Jonathan akapatikana kwa simu mwishowe, nikamweleza. Akasema: nani atajua? Tutarekebisha toleo la pili.

Mzee hatalifikia toleo la pili.

Na simu ya video ya Mitali ikaita hapo hapo. Mzee kichwa kwenye mto wa hospitali, amefumba macho, anasubiri. Antoni kanishikia simu, ukurasa wa mwisho, wino mbichi, mkono wake wa pili. Nimeusoma. Nilipofika kwenye jina nikasema, "Mama—"

Mzee akalirudia, taratibu. Machozi.

Antoni akatazama ukurasa wake, akanitazama. Mbona hapa hakuna mama, dada?

Mtambo nyuma yake unaendelea kutema karatasi. Anauliza azime au aache —