Mbegu za Mhina Nilizompa Wifi

Chumbageni, Jumatano

Nimemwambia leo, na hakuniamini.

Mwanaidi, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Pongwe kunitazama kwa homa hii. Alikuwa akinikanda miguu nilipomkumbusha zile mbegu za mhina alizoniomba alipohamia huko. Maharusi wote wa mtaa huu walifuata majani kwangu, na sikutaka waanze kwenda kwake. Basi nilizikaanga kwa moto mdogo, zisibadilike rangi, ndipo nikazitia chupani pamoja na majivu, kama mbegu njema.

Alipanda misimu mitatu, na kila alipoomba nyingine nilizikaanga vilevile. Mwishowe akasema mkono wake una kisirani, akaacha kupanda hata mchicha. Mimi, mwalimu wa watu, nikanyamaza.

"Wifi, nani anakaanga mbegu za kupanda? Unaweweseka."

"Siweweseki. Nisamehe, Mwanaidi."

"Haya, nimekusamehe mbegu, na samaki, na chochote ulichopata kukaanga. Lala."

Akacheka, akanifunika shuka. Nilitaka kurudia, pumzi ikaniishia.

Ameisamehe homa. Mimi bado hajanisamehe.