Siku Wanawake wa Lubarika Walipokaa Nasi

Mama Neema,

Ule mkanda wa mashini ya kukoboa mpunga umefunikwa. Umefunikwa, rafiki yangu. Nimetaka habari hii uisikie kwangu kwanza, ingawa Neema wako, anayelala kwangu sasa, tangu jana hana habari nyingine mdomoni.

Siku ulipomwomba patron, mwenye mashini, aweke kifuniko, tulikuwa wanawake kumi na mmoja tukipeta mchele nyuma yako. Akauliza nani mwingine analalamika. Tukainamia nyungo zetu. Miye pia. Wiki ile ile mkanda ukavuta kitenge chako, ukakuvuta na wewe. Unisamehe, dada.

Baada ya matanga, patron akaniambia nisimame mahali pako. Nikaweka ungo chini, nikatoka, nikakaa mbele ya mlango. Nilijua nitafukuzwa peke yangu. Kumbe akatoka Mama Bahati, yule anayeogopa hata kivuli chake, akakaa kando yangu. Kisha wengine, wote.

Patron hakugomba. Alituma gari Lubarika ilete wanawake wengine. Waliposhuka nikaona tumekwisha. Mkubwa wao akauliza tunangoja nini. Nikamweleza habari zako. Akasema:

"Siye tulikuja kupeta mchele. Nafasi ya marehemu hatutaikalia."

Wakakaa nasi, pale pale kwenye vumbi la Sange.

Siku mbili mashini haikulia. Ya tatu, patron akaleta fundi wa kuchomelea vyuma. Sasa mkanda uko ndani ya sanduku la chuma, hata kidole hakipiti. Saa sita tulikula bugali na samaki wadogo wa ndagala pale ulipopenda kukaa. Mama Bahati akaiga sauti ya patron akimwita fundi, nami nikacheka mpaka machozi. Sikuwa nimecheka tangu ututoke.

Hukukosea neno, Mama Neema. Ulikosa watu tu.

Lubarika nao wana mashini yenye mkanda wazi. Wametuomba twende Jumatatu, watakapoanza nao kukaa nje. Patron wa kule hatumjui, na woga uko. Lakini tutaenda wote kumi na mmoja. Nakuahidi.

Pumzika, rafiki yangu. Neema amekula, amelala vizuri.

Miye wako,
Mama Zawadi