Nyaya Mbili, Ukuta Mmoja

Mpendwa mshauri, nisaidie maana nyumbani kwangu hili halisemeki. Mimi ni fundi wa mitandao hospitalini, na tumefungiwa nyaya mpya za fiba zenye kasi kubwa, mbili, kutoka chumba cha seva hadi kwenye mitambo inayohifadhi kumbukumbu za wagonjwa wote, na makubaliano yalikuwa kila waya upite njia yake, mmoja darini, mwingine chini ya sakafu, ili mmoja ukikatika mwingine ubebe kazi, na aliyepewa kazi ni kaka wa mume wangu, tena mimi ndiye niliyempigia debe, sasa juzi nimefungua kifuniko ukutani nikakuta nyaya zote mbili zimelala kwenye bomba moja kama mapacha, nikamuuliza, akacheka, “Shemeji, si siku ya majaribio ulichomoa mmoja mwenyewe na kazi ikaendelea? Nani atabomoa ukuta aangalie?” na ukuta huo, mshauri, unabomolewa wiki ijayo kurekebisha mabomba ya maji, lakini mume wangu ananikataza kumharibia kaka yake jina, na mama mkwe, ambaye kliniki ya presha anahudhuria hapo hapo hospitalini kwetu, amesema nikifungua mdomo nisikanyage kwake. Nifanyeje?

Fundi niliyebanwa

Fundi, pole kwa kubanwa. Kwa kushangaa sikupi pole. Ulimleta shemeji ukadhani undugu utakagua kazi? Na jaribio lenu lilikuwa mchezo wa watoto: kuchomoa waya mmoja kwa upole kunaonyesha kwamba wa pili unafanya kazi, hakuonyeshi umepita wapi. Nyundo ya kubomoa ukuta haichagui, itazikata zote mbili.

Nimechoka na familia zinazouita uzembe “jina”. Jina hilo aliliharibu mwenyewe siku alipoona uvivu kupanda ngazi.

Leo, mbele ya mumeo, mwambie: “Shemeji, kesho asubuhi namweleza bosi. Njoo tuingie wote, ama niingie peke yangu.” Usibembeleze. Kwa bosi, sema pia kwamba wewe ndiye uliyemleta, na ukuta usiguswe mpaka waya mmoja uhamishiwe darini.

Mama mkwe atanuna. Mwache anune. Siku ya kliniki daktari atafungua kompyuta, ataziona dawa zake zote, atampima presha na kumruhusu arudi nyumbani, akiwa bado amekununia. Hiyo ndiyo kazi uliyoajiriwa kufanya.